Rafiki yangu wa maabara aliipenda The Martian, akaiacha njiani The Three-Body Problem: nimchagulie riwaya gani ya kisayansi?

#1 Mpiga Chapa Mstaafu

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba msaada wa kumchagulia swahiba wangu riwaya za kisayansi zilizotoka katika miaka kumi hivi iliyopita, kwani mimi ni msomaji wa mashairi na habari za roketi nimeziingia kwa ajili yake tu. Ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya wilaya, hufanya zamu za usiku, na husoma vipande vipande sampuli zinapokuwa hazijafika. Alikulia kwenye riwaya za upelelezi: Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla anamjua kuliko anavyowajua baadhi ya wajomba zake, na vitabu vya Elvis Musiba alivisoma mpaka majalada yakabanduka.

Nieleze ladha yake kwa ushahidi. The Martian ya Andy Weir, ya mwanaanga aliyeachwa peke yake Mirihi akalazimika kulima viazi ili aishi, aliimaliza, akairudia. The Three-Body Problem ya Liu Cixin aliifunga baada ya sura chache akasema hajui amshike mhusika yupi. Children of Time ya Adrian Tchaikovsky aliisoma kwa namna ambayo sikujua kama inawezekana: sura za buibui zote alizisoma, sura za binadamu akaziruka. Hataki vita vya majeshi ya angani, hataki mapenzi yaliyopachikwa ili kitabu kiuzike, na hataki mfululizo wa vitabu tisa.

Dai langu ni kwamba anachohitaji ni mtu mmoja mwenye tatizo moja, na kwamba kila kitabu chenye wahusika wengi kitamshinda. Je, nimemsoma sawasawa? Na kama ni hivyo, nimpe nini?

#2 Nahodha Mkavu

Jibu lipo na ni moja: Project Hail Mary, ya Andy Weir huyohuyo, iliyotoka mwaka 2021. Mtu mmoja anazinduka ndani ya chombo cha angani bila kukumbuka jina lake, wenzake wawili wamekufa, na kidogo kidogo anatambua kwamba ametumwa kutafuta sababu ya Jua kupungua mwanga. Mhusika ni mwalimu wa sayansi wa shule ya kati aliyewahi kuwa mtafiti wa baiolojia ya molekuli, na sehemu kubwa ya kitabu inapita maabara. Kinachokula mwanga wa Jua ni kijidudu. Mtu wa hadubini akikosa kukipenda kitabu hiki, basi arudishe hadubini.

#3 Binti Saleh

Ninaunga mkono pendekezo la Nahodha, ila ninaonya kwamba wengi wakishaipenda Project Hail Mary huenda moja kwa moja kwenye Artemis ya mwaka 2017 na kuvunjika moyo. Artemis ni hadithi ya msichana mmoja, Jazz Bashara, anayepitisha magendo katika mji wa kwanza kujengwa mwezini, akajiingiza katika hujuma inayomzidi kimo. Sauti yake haikunishawishi. Nilimsikia Weir akisema kwa kinywa cha msichana. Hata hivyo kuna jambo litakalowagusa wasomaji wa huku: mji huo unamilikiwa na shirika la anga la Kenya, na anayeuongoza ni Mkenya aitwaye Fidelis Ngugi, waziri wa zamani wa fedha.

Kuhusu dai la mleta uzi, sikubaliani nalo. Project Hail Mary haibaki na mtu mmoja kwa muda mrefu, na ndipo inapokuwa tamu zaidi.

#4 Nahodha Mkavu

Binti Saleh, hapo umekaribia kumharibia mtu kitabu.

#5 Binti Saleh

Tangazo la filamu ya kitabu hicho lilikwisha kumwonyesha yule mwenzake kwa dunia nzima. Mlalamikieni aliyetengeneza tangazo.

#6 Mwalimu wa Fizikia

Nimefuatilia. Ninafundisha kidato cha tatu na cha nne, na ninaona kinachompendeza rafiki huyu ni hesabu inayofanywa mbele ya macho yake. Katika The Martian msomaji anaonyeshwa idadi ya viazi, kiasi cha maji, siku zilizobaki na chakula kinachopungua, kisha anaachwa ahakikishe mwenyewe. Wengine husema anapenda usahihi wa sayansi, lakini hilo haliwezi kuwa jibu lote, maana kitabu kinaanza na kosa linalojulikana. Shinikizo la angahewa ya Mirihi ni kama asilimia moja tu ya shinikizo la hapa duniani, hivyo dhoruba ya huko, ile inayomtenga mhusika na wenzake, haiwezi kusukuma chombo wala kumbeba mtu namna ile. Weir mwenyewe amekiri kwamba alilijua hilo na akaliacha kwa sababu alihitaji mkasa wa kuanzia.

Isitoshe, chombo cha Phoenix kilikuta chumvi za perkloreti kwenye udongo wa Mirihi mwaka 2008, na chumvi hizo si rafiki wa mtu wala wa kiazi. Mtaalamu wa maabara angeweza kukasirika, lakini huyu ameirudia. Kwa hiyo anasamehe kosa la mwanzo mradi kila hatua inayofuata itokane na iliyotangulia.

Kwa mantiki hiyo, mpeni Exhalation ya Ted Chiang, mkusanyo wa hadithi fupi wa mwaka 2019. Hadithi iliyoupa mkusanyo jina lake inamhusu mwanaanatomia ambaye si binadamu, anayeufungua ubongo wake mwenyewe kwa vioo na mikono ya mashine ili aone kumbukumbu zinavyofanya kazi. Ni jaribio la maabara tangu mwanzo hadi mwisho, na linasomeka ndani ya nusu saa.

#7 Kitasa na Ufunguo

Mmesoma swali la mleta uzi mkaruka sentensi muhimu kuliko zote: mtu huyu amelelewa na Bwana Msa. Hamhitaji mwanasayansi, anahitaji maiti na mtu wa kuuliza maswali. Sayansi kwake ni mahali tu ambapo uhalifu umetokea.

Mpeni Six Wakes ya Mur Lafferty, ya mwaka 2017. Mabaharia sita wa chombo cha angani wanazinduka wakiwa katika miili mipya iliyotengenezwa kwa kunakili ile ya awali, na wanaikuta miili yao ya awali imeuawa. Kumbukumbu za safari yote zimefutwa, kwa hiyo hata muuaji hajui kwamba ndiye muuaji. Huo ni mtego ambao Bwana Msa angeukalia kitako na kiko chake mdomoni.

Akishaumaliza, ahamie Far from the Light of Heaven ya Tade Thompson, ya mwaka 2021, ambamo chombo kinafika kwenye koloni na nahodha anagundua kwamba baadhi ya abiria waliolazwa usingizi wa safari wameuawa, ilhali hakuna aliyeingia wala kutoka. Cha tatu ni The Mimicry of Known Successes ya Malka Older, ya mwaka 2023: upelelezi unaofanyika kwenye majukwaa na reli zinazoizunguka sayari ya Mshtarii. Hicho kina mapenzi kiasi, lakini ya watu wazima walioachana zamani, nayo hayamchoshi mtu.

#8 Rehani ya Jiwe

Kitasa, ikiwa nadharia yako ni sahihi, mbona The Three-Body Problem ilimshinda? Kitabu kile ni cha upelelezi. Wanafizikia wanajiua mmoja baada ya mwingine, mtaalamu wa nanoteknolojia anaanza kuona tarakimu zinazohesabu kurudi nyuma mbele ya macho yake, na polisi mmoja mvuta sigara, asiye na adabu ya mikutano, Shi Qiang, ndiye pekee anayeiona kesi kama kesi. Kama kuna polisi katika bunilizi za miaka hii anayestahili kukaa meza moja na wapelelezi wa Musiba, ni huyo.

Nadhani kilichomkwaza ni mlango aliopitia. Toleo la Kiingereza linaanza na Mapinduzi ya Utamaduni ya China, profesa akipigwa hadi kufa mbele ya umati na binti yake akitazama. Toleo la kitabu la Kichina la mwaka 2008 liliziweka sura hizo katikati ili zisivute macho sana, na mfasiri Ken Liu akazirudisha mwanzoni, kama mwandishi alivyotaka. Ninauheshimu uamuzi huo, lakini kwa msomaji wa zamu ya usiku ambaye hakuifuata historia ya China, sura hizo zinahitaji utulivu. Mwambieni aanzie pale tarakimu zinapoanza, kisha arudi nyuma.

#9 Kitasa na Ufunguo

Rehani, unamwambia mtu aanze kitabu katikati? Huyo aliyeruka sura za binadamu katika Children of Time atakuamini, na baadaye hatasoma kitabu chochote kwa mpangilio.

Tena hicho hakimo katika muda uliotajwa. Kilianza kuchapishwa kwa sehemu jaridani mwaka 2006, na Kiingereza chake kikaja mwaka 2014.

#10 Mdudu Mwenye Miwani

Habari za usiku. Ninashangaa kwamba tumefika hapa bila mtu kuuliza kwa nini aliruka binadamu akabaki na buibui. Mimi nafanya kazi ya kuhesabu mbu na viluwiluwi, na ninamwelewa kabisa. Sura za binadamu katika Children of Time ni za watu wanaogombana ndani ya chombo kilichochakaa. Sura za buibui ni za spishi inayojifunza kufikiri: wanavyowasiliana kwa mitetemo ya utando, wanavyowatumia siafu kama mashine za kukokotoa, wanavyopambana na tauni. Tchaikovsky alisomea zoolojia na saikolojia chuoni, na inaonekana. Kitabu kilipata Tuzo ya Arthur C. Clarke ya mwaka 2016, na ninathubutu kusema walioipata ni buibui.

Kwa hiyo nadharia yangu ni kwamba rafiki huyu hatafuti mtu mmoja, hesabu, wala maiti. Anataka kiumbe. Anataka kuona akili isiyofanana na yetu ikifanya kazi kwa sababu zake yenyewe. Mapendekezo yangu ni haya:

The Mountain in the Sea ya Ray Nayler, ya mwaka 2022. Mtafiti anapelekwa kwenye visiwa vya Con Dao nchini Vietnam kuwachunguza pweza wanaoelekea kuwa na lugha na utamaduni. Mtu yeyote aliyewahi kuona pweza akijificha miambani wakati wa maji kupwa atakisoma kwa jicho tofauti na la msomaji wa Ulaya. Kilipewa tuzo ya Locus ya riwaya ya kwanza mwaka 2023.

Alien Clay ya Tchaikovsky, ya mwaka 2024. Mwanasayansi mwasi anafungwa katika kambi ya kazi ngumu kwenye sayari ambayo viumbe wake hawana mpaka kati ya huyu na yule: kinachoonekana ni mnyama mmoja kumbe ni kadhaa walioungana, kila mmoja akifanya kazi ya kiungo. Kama anapenda vimelea, atakesha.

Na Rosewater ya Tade Thompson, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kupata Tuzo ya Clarke mwaka 2019. Iko Nigeria ya mwaka 2066, katika mji uliojengeka kuzunguka kuba la kiumbe kilichotoka angani, ambalo hufunguka mara moja kwa mwaka na kuponya wagonjwa, wengine vibaya. Mhusika anasoma mawazo ya watu kupitia vijidudu vinavyofanana na fangasi vilivyotanda hewani, na anapotaka kujikinga, anajipaka dawa ya kawaida ya fangasi. Mleta uzi, msomee rafiki yako aya hiyo tu na umtazame usoni.

#11 Mpiga Chapa Mstaafu

Ninashukuru sana. Hii ya dawa ya fangasi nimemsimulia kwa simu, akacheka, kisha akauliza ni dawa ipi na ni ya asilimia ngapi. Sijui kama hilo linaipa nguvu nadharia ya Mwalimu au ya Mdudu.

Niongeze ushahidi mwingine. Nilipomwuliza kwa nini aliruka binadamu wa Tchaikovsky, alijibu kwamba hakuwachukia, ila alikuwa akijua watakachofanya. Na kuhusu Shi Qiang, hakufika kwake. Alikiacha kitabu kabla.

#12 Nahodha Mkavu

Alikuwa akijua watakachofanya. Sasa Kitasa atasema hilo ni la mpelelezi, na Mdudu atasema ni la buibui.

#13 Kitasa na Ufunguo

Ni la mpelelezi. Msomaji wa upelelezi hapendi mtu anayetabirika.

#14 Mdudu Mwenye Miwani

Buibui pia.

#15 Mwambao Hauna Kifani

Nirudi kidogo kwa Binti Saleh wa nafasi ya tatu, maana aliitaja Kenya ya Artemis kana kwamba ni kituko. Weir hakuokota nchi kwenye ramani kwa bahati. Chombo kinachorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki kinapata msukumo wa bure kutokana na dunia inavyozunguka, ambao pale ikweta unakaribia kilomita 1,670 kwa saa, na mbele yake ipo bahari tupu. Sisi tuliokulia Malindi tunajua kwamba jambo hilo lilikwisha kufanyika. Kwenye Ghuba ya Ungwana kuna majukwaa ya San Marco, na kutoka hapo Kenya ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Uhuru, mwaka 1970. Rafiki huyo apewe Artemis na aambiwe historia hiyo kwanza. Kitabu kitamkaa vizuri zaidi.

#16 Mwalimu wa Fizikia

Mwambao, mahali ni sahihi na mwaka ni sahihi, lakini setilaiti haikuwa ya Kenya. Uhuru ilikuwa ya NASA ya Marekani, ikarushwa na timu ya Waitaliano waliokuwa wakiendesha kituo hicho, tarehe 12 Desemba 1970. Ikapewa jina hilo kwa sababu siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Majukwaa yalitumika kurushia setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Kenya yenyewe ilianza na setilaiti ndogo iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2018, na Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023 kwa roketi ya SpaceX kutoka California.

Yaani nchi iliyo kwenye ikweta ilipeleka setilaiti yake ikarushiwe California. Hapo ndipo Weir anapokuwa mwandishi wa bunilizi.

#17 Mwambao Hauna Kifani

Iliondoka Malindi, ina jina la Kiswahili. Sisi tunaihesabu.

#18 Nuru ya Chuo

Nimesoma uzi wote na ninaona kwamba, isipokuwa Tade Thompson, tunamlisha mwenzetu Marekani na Uingereza tupu. Ninapendekeza The Old Drift ya Namwali Serpell wa Zambia, ya mwaka 2019. Inafuata familia tatu kwa vizazi, kuanzia makazi ya walowezi karibu na Maporomoko ya Viktoria hadi Zambia ya kesho yenye vidroni vidogo kama mbu. Ndani yake yumo Edward Mukuka Nkoloso, mtu wa kweli, aliyewafundisha vijana wa Zambia kuwa wanaanga mwaka 1964, mwaka wa uhuru wao, kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta. Na kwa Mdudu Mwenye Miwani: sehemu za masimulizi husimuliwa na kundi la mbu.

Pia kuna The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ya mwaka 2021, iliyoko Mombasa, ambamo msichana anakwenda baharini kumtafuta baba yake mvuvi ndani ya chombo kilichotengenezwa kwa mifupa, akifuatana na paka msomi.

#19 Rehani ya Jiwe

Vyote viwili ni vitabu vizuri, na The House of Rust nimekipenda kuliko vingi vilivyotajwa hapa, lakini hakina sayansi hata chembe. Ni hadithi ya majini, bahari na mizimu. Nuru, usimpe mtu wa maabara paka msomi kisha umwambie ni bunilizi ya kisayansi. The Old Drift ilipata Tuzo ya Clarke mwaka 2020, kwa hiyo waamuzi waliiona kuwa ya fani hii, lakini ni kitabu kinene, sayansi yake inakuja mwishoni, na watu wamo wengi kama harusi ya Pemba. Huyu aliyeshindwa kujua amshike nani kwa Liu Cixin atamshika nani hapo?

#20 Nuru ya Chuo

Mipaka hiyo tunaichora sisi wenyewe. Katama Mkangi alipoandika Walenisi mwaka 1995, Dzombo akarushwa ndani ya chombo hadi nchi nyingine ambako mambo yanaendeshwa kwa haki, shuleni tuliisoma kama riwaya ya siasa. Ingekuwa imeandikwa kwa Kiingereza, ingekaa rafu ileile ya hivi tunavyovijadili. Mleta uzi, ikiwa rafiki yako hajaisoma, mpe. Si ya miaka kumi iliyopita, lakini naona hata The Martian haimo ndani ya muda huo na hakuna aliyelalamika.

#21 Zamu ya Saa Nane

Mimi ni muuguzi, na nitasema jambo ambalo wasomaji wa mchana hawalioni. Mnatafuta ladha ya mtu ambaye anasoma huku kengele ikiweza kulia wakati wowote. The Martian ni shajara: maingizo mafupi, kila moja na tarehe yake, ukisimamishwa unajua ulipoishia. Sura za buibui nazo zinasimama zenyewe. The Three-Body Problem inadai ukumbuke majina ya watu na miaka uliyoyasoma juzi kabla ya wagonjwa watatu wa dharura. Sihitaji nadharia ya viumbe wala ya maiti kuelewa kwa nini aliiacha.

Kwa hali hiyo kitabu kinachomfaa ni All Systems Red ya Martha Wells, ya mwaka 2017. Ni kifupi, kurasa 150 hivi, na kilipata Hugo na Nebula, tuzo kubwa za fani hii. Msimulizi ni mlinzi, nusu mashine nusu mwili, aliyekivunja kwa siri kifaa kinachomlazimisha kutii, na badala ya kuua watu akaamua kutumia uhuru huo kutazama tamthilia. Anawalinda wanasayansi kwenye sayari ambayo kuna mtu anataka wafe, kwa hiyo Kitasa atapata upelelezi wake. Ni mwanzo wa mfululizo, lakini hadithi yake inaisha. Akiishia hapo hajadhulumiwa.

Kingine kifupi ni The Tusks of Extinction ya Ray Nayler, ya mwaka 2024, iliyoshinda Hugo ya novela, yaani riwaya fupi, mwaka 2025. Mtafiti wa tembo aliyeuawa na majangili Kenya anarudishwa, akili yake ikiwa ndani ya mamothi, yule tembo wa kale mwenye manyoya, ili awafundishe mamothi waliofufuliwa kuishi porini Urusi. Nilikisoma zamu moja, na asubuhi sikutaka kuzungumza na mtu.

#22 Mdudu Mwenye Miwani

Zamu, hicho cha mamothi nilikuwa nakiweka akiba. Asante kwa kunitangulia. Ninaongeza tu kwamba ni cha huzuni, na majangili wamepewa sauti yao, jambo ambalo litawakera wanaotaka adui awe adui.

#23 Fundi Redio

Kwa nini asisikilize? Project Hail Mary iliyosomwa na Ray Porter ilipata tuzo kuu ya vitabu vya sauti Marekani mwaka 2022, na yule mwenzake ambaye Nahodha hataki tumtaje anazungumza kwa namna ambayo karatasi haiwezi kuionyesha. Kwa kitabu hiki, sauti imelishinda chapisho.

#24 Zamu ya Saa Nane

Fundi, anayevaa spika za masikioni kwenye maabara ya usiku hatasikia mlango ukigongwa na mtu aliyebeba damu ya mgonjwa.

#25 Mzee wa Rafu ya Juu

Niliwahi kuwa na duka dogo la vitabu, na nimewaona watu wengi wakiwanunulia wenzao. Ninasoma hapa nadharia tano au sita za ladha ya mtu mmoja, zote zikiwa zimejengwa juu ya vitabu vitatu. Sampuli ya ukubwa huo mtaalamu wa maabara mwenyewe angeikataa. Mteja mmoja aliniambia kaka yake anapenda vita tu. Tukampa vita, akarudishiwa. Baadaye kaka mtu alikuja mwenyewe, akachukua Klara and the Sun ya Kazuo Ishiguro, ya mwaka 2021, hadithi tulivu ya roboti aliyenunuliwa awe rafiki wa mtoto mgonjwa, na ambaye anaamini Jua linaweza kuponya. Vita alivisoma kwa sababu ndivyo alivyokuwa akipewa.

Kwa hiyo ninashauri mleta uzi achukue vitabu viwili visivyofanana kabisa, kwa mfano Project Hail Mary na Rosewater, ampe vyote siku moja bila kumweleza lolote. Kitakachoachwa kitasema zaidi kuliko kitakachomalizwa.

#26 Binti Saleh

Mzee, ushauri ni mzuri, ila Rosewater inarukaruka kati ya zamani na sasa karibu kila sura. Ikiwa Zamu yuko sahihi kuhusu kengele, Rosewater itaachwa kwa sababu ya mpangilio wake, na ninyi mtahitimisha kwamba hapendi viumbe. Jaribio lenu litakuwa limeharibika tangu mwanzo. Badala ya Rosewater wekeni The Mountain in the Sea.

#27 Kitasa na Ufunguo

The Mountain in the Sea nayo ina masimulizi matatu yanayopishana. Wekeni Six Wakes.

#28 Rehani ya Jiwe

Six Wakes ina kumbukumbu za zamani za kila mhusika, na wahusika ni sita.

#29 Mpiga Chapa Mstaafu

Ninawashukuru nyote. Nimepata Project Hail Mary, nakala ya mitumba iliyo safi, na All Systems Red nitamnunulia kwenye simu yake. Nitampa vyote viwili pamoja, kama Mzee alivyoshauri, bila neno. Rosewater nimeanza kuisoma mwenyewe, na sura zinazorukaruka hazijanisumbua, labda kwa sababu mashairi yamenizoesha.

#30 Kitasa na Ufunguo

Umechagua viwili ambavyo nadharia zote za humu zinaweza kujigamba navyo. Kimoja kina mtu mmoja, hesabu na kijidudu. Kingine ni kifupi, kina upelelezi na akili isiyo ya binadamu. Akivipenda vyote, utakuwa hujajua kitu.

#31 Mdudu Mwenye Miwani

Mwulize ni sura zipi aliruka.